Utabiri wa Timu Tano

Mume wangu alijifunza besiboli uzeeni, hapa Tensta, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, kwa sababu moja tu: apate la kuongea na binti yetu. Binti alizaliwa na kusoma Stockholm, kisha akaenda Marekani kwa masomo ya juu na akapata kazi hukohuko. Simu za mwanzo zilikuwa za umekula, nimekula, baridi ipo, ipo. Baada ya hapo kila mtu anatafuta la kusema. Mzee aliona aibu kuishiwa maneno na mtoto wake wa kumzaa, akaanza kuangalia mchezo ule ambao nusu ya muda watu wamesimama tu wanatema mate. Mwisho akawa ananifafanulia mezani kwa vijiko na vikombe vyangu, niwe nataka nisiwe nataka.

Ligi ya huko imegawanywa makundi, na timu ya mji anaoishi binti imo kwenye kundi la timu tano. Kila mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza, baba na mwana walipigiana simu wakatabiri: ligi ikiisha nani atakuwa wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa mwisho. Mzee siku zote aliiweka timu ya binti juu kabisa. Binti siku zote aliiweka mkiani, maana ndiko ilikokuwa ikiishia, na yeye ni mtu wa mahesabu, hana huruma na timu. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mzee hamwachi amalize sentensi, binti anahamia Kiswidi, "Men pappa, lyssna!", yaani baba, hebu sikiliza, na mimi niko jikoni nacheka peke yangu.

Mwaka ule wa mwisho kansa ilikuwa imeshaingia kwenye ini la mzee. Daktari alituambia tusitegemee kufika naye majira ya joto. Tulitoka hospitali tukasimama kituoni, theluji chafu inayeyuka miguuni, na neno lake la kwanza likawa, "Mtoto asiambiwe."

Makaratasi ya binti ya kuishi Marekani yalikuwa bado yanashughulikiwa. Akitoka nje ya nchi kabla hayajatoka, ombi linakufa na kazi inakwenda nalo. Mume wangu aliyajua hayo kwa uchungu. Mama yake alizikwa Tanga wakati yeye yuko hapa anasubiri kibali.

"Wewe uliyeyaonja ndiye unataka mwanao ayaonje?" nilimuuliza.

"Nilisubiri, nikapata," alisema. "Ndiyo maana yeye akazaliwa na pa kuishi."

Nilimkasirikia. Mpaka leo sijui kama hasira hiyo imekwisha.

Siku ya utabiri ilipofika nilimwegemeza kwa mito. Alimwambia binti kamera ya simu imeharibika, asije akauona uso wake. Nikaketi pembeni, simu imefunguliwa sauti.

"Anza wewe," mzee alisema.

"Wa kwanza sisi, baba."

Mzee alidhani amesikia vibaya. "Rudia."

"Wa kwanza sisi."

"Hao hao? Na mrushaji wao aliyeumia bega?"

"Hao hao."

Mzee akanigeukia kwa jicho kali, nikatikisa kichwa, maana sikuwa nimesema kitu.

"Nani kakwambia?" alimuuliza.

"Hakuna aliyeniambia." Binti alikuwa tayari analia. "Siku hizi unaniacha nimalize kuongea. Hujawahi, baba. Nakuja."

"Usije."

"Njoo, mwanangu!" nilipaza sauti. "Njoo, usimsikilize!"

"Ukija sikufungulii mlango," alisema mzee, ambaye hata kuufikia mlango hakuweza. "Niapie hutakuja mpaka makaratasi yatoke. Niapie."

Alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena, mpaka mtoto akaapa. Nikainuka nikaenda kulia chooni, maana nilijua ameapa na nilijua hatovunja kiapo, kwa sababu tulimlea hivyo. Niliporudi mzee alikuwa anamwambia aache upuuzi, airudishe timu mkiani inakostahili. Binti akakataa. Wakabishana hadi sauti ya mzee ikakatika, nikaichukua simu mkononi mwake.

Alifariki mwezi wa tano. Jirani yetu, mama Mkongomani, alishika simu makaburini ili binti aone baba yake akiteremshwa. Alikuwa akisema tu, "Pole, maman, pole," na mkono wake haukutulia.

Kabla mwezi huo haujaisha, binti alipiga simu asubuhi. Makaratasi yalikuwa yametoka. Nilitaka kumpongeza, maana ni jambo ambalo baba yake alilitaka kuliko kumwona. Nikajikuta nasema, "Sasa unaweza kuja," na hapo sote wawili tukashindwa kuendelea.