Vibofu Viwili vya Mbuzi

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mkamuaji kwenye shamba moja huko Ndabibi, na dada yangu mkubwa aliwapikia wafanyakazi uji. Alikuwa mjane mwenye watoto, na chumba chake kilitegemea kazi hiyo. Serikali ya kikoloni, kwa hofu ya wapiganaji waliojificha humo, ilipowakataza wanawake kuingia msituni, kuni ziliadimika, na mwenye shamba akataka kulifunga jiko. Fundi mwashi wa shamba, mtu wa maneno machache, akaomba pipa kubwa la chuma ajaribu kupata gesi ya kupikia kutoka kwenye takataka zinazooza. Alipewa muda mpaka mvua za masika zianze. Akishindwa, pipa lingerudi na jiko lingefungwa.

Alichimba shimo, akalisakafia kwa saruji, akalijaza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa pamoja na samadi iliyokorogwa kwa maji. Juu akalifudikiza pipa. Baada ya majuma kadhaa pipa likaanza kuinuka lenyewe kwa nguvu ya gesi, na bomba likaipeleka jikoni, ikawaka moto wa buluu.

Wakamuaji walicheka. "Mama, leo ni uji au mashuzi ya ng'ombe?" mmoja aliuliza.

"Kunywa," dada akamjibu. "Ukisikia harufu, mwangalie uliyekaa naye."

Kisha pipa likashuka na moto ukafa. Fundi alipaka sabuni kwenye viungo vyote vya bomba, lakini hapakutoka povu la kuonyesha gesi inavuja. Hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu samadi tunaitoa wapi. Nikamweleza kwamba nyingi ilitoka siku ya josho: ng'ombe walisimama uani wakichuruzika dawa ya kupe, nasi kwa desturi yetu ya usafi tuliuosha ua papo hapo na kusukumia kila kitu shimoni.

Akajaza chupa mbili, moja samadi ya siku ya josho, nyingine ya siku ya kawaida, mabua yakiwa sawa. Kila mdomo akaufungia kibofu cha mbuzi, akaziweka zipate joto karibu na jiko, ambako dada sasa alichoma kuni chache zilizobaki.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Dada akasema, "Fundi, kama ni dawa ya kupe inayoua gesi, si tulimwage shimo tu?"

"Sijui kama ni dawa, mama. Nadhani tu. Tukilimwaga bure, hatutapata muda wa kulijaza tena kabla ya mvua."

Tukangoja. Kibofu cha chupa ya siku ya kawaida kilivimba, cha siku ya josho kikabaki kimenyauka. Hapo ndipo tulipolimwaga shimo kwa ndoo, hata yule mcheshi akashika yake, tukalijaza upya kwa samadi safi.

Mvua ya kwanza ilimleta mwenye shamba. Pipa lilikuwa limeinuka kiasi cha kiganja tu. Dada alifungua bomba, akawasha kiberiti. Buluu. Mwenye shamba alisimama pale mpaka uji ukachemka, kisha akaenda zake bila kulidai pipa.

Tangu hapo, kila siku ya josho, dada alisimama mdomoni mwa shimo na ufagio mkononi, na hakuna aliyethubutu kusukuma maji upande ule.