Malkia Niliyemtoa Kabla ya Wali

Chesi nilifundishwa na fundi wa meli pale Itungi, nikiwa kuli, darasa la tatu nimelikimbia. Fundi huyo alikuwa hanawi mikono, mpaka kete zilinuka grisi. Hayo tuyaache.

Nasema mchezo mmoja tu, nilioushinda dukani kwa rafiki yangu wa Bondeni, muuza vitenge, wazee wake watu wa pwani. Nilimtoa malkia wangu mzima mzima, yeye hakumla, nikambana mfalme wake kwa farasi. Miaka na miaka nimeusimulia, Ipyana hadi Matema, hata misibani. "Aliogopa," nasema, watu wanacheka, mwenyewe akiwepo.

Mwaka huu mkwe wangu, mke wa mwanangu, mwalimu, akaleta kompyuta inayokagua makosa ya chesi. Rafiki yangu huandika kila hatua kwenye daftari, nikaliazima. Nilitaka mashine inisifu, basi. Kwetu mkwe hakai uso kwa uso na baba mkwe. Wengine wameacha, mimi sijaacha. Yeye akakaa chumbani na kompyuta, mimi barazani, pazia katikati, namsomea hatua.

"Hatua ya ishirini na tatu, baba. Kosa kubwa."

"La kwake."

"La kwako. Malkia umemtupa bure. Angemla, ulikuwa umekwisha."

"Mbona hakumla?"

"Mashine haijui, baba. Yeye kasogeza kete ya pembeni, isiyo na kazi yoyote."

Nikatazama daftari. Kando ya hatua hiyo ameandika neno moja: wali.

Nikakumbuka. Wali ulikuwa umeletwa, na samaki mbasa juu yake. Kwake mgeni hali chakula kilichopoa. Alisogeza kilichokuwa karibu na kidole, hata ubaoni hakutazama, akaninawisha. Nikala nikashiba, kisha nikammaliza.

Kinyaa kilinishika, kama cha mtu aliyekuta nywele mdomoni, na nywele ni zake.

"Ndaga, asante, mwanangu. Zima."

Nilirudisha daftari kwa miguu, njia nzima napanga maneno ya kumwomba radhi.

"Mashine imesemaje, mzee mwenzangu?"

"Imesema ulikosea."

"Si ndivyo unavyosema siku zote," akacheka, akamgeukia mkewe ndani. "Mama, mzee kafika. Lete wali."

Ukaja wa moto. Akaninawisha. Tonge la kwanza nililizungusha mdomoni kama mchanga, naye ananisubiri nimeze.