Siku Cucu Alipotaka Kusukuma Meli

Ninyi mliolelewa Nyeri wakati ule sweta ya shule ilikuwa ndiyo sweta ya kanisani, hebu niambieni, likizo mlikuwa mnapelekwa wapi? Wengi wenu mlienda kwa shangazi kule Kutus, mkala wali wiki nzima, kisha mkarudi mkituringia kama watu waliotoka ng'ambo. Sisi wa kwa Mwangi tulikuwa tunaenda kutazama meli. Tukirudi kwetu Ruring'u na kusimulia, hakuna aliyetuamini, na sikuwalaumu.

Baba yetu alikuwa mtu wa mlima aliyefanya kazi baharini. Alikuwa fundi wa injini katika tagi, zile boti fupi nene zenye matairi makuukuu yaliyoning'inizwa ubavuni, ambazo kazi yake ni kuvuta na kusukuma meli kubwa pale bandarini Mombasa. Alikuja nyumbani mara chache, akinuka dizeli, mfukoni ana mabuyu mekundu yaliyotupaka rangi midomo mpaka mwalimu akatuuliza tumekula nini. Mama alibaki na ng'ombe. Likizo ya Agosti ikifika, baridi ya Nyeri ikiwa imetuingia mifupani, mimi na kaka yangu Ndung'u tulipelekwa kwa baba kwa gari la moshi, tukiwa na viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai ambayo lazima ingemwagikia mtu.

Baba alikuwa amepanga chumba Likoni. Asubuhi alituacha kwenye mawe karibu na kivuko, akituagiza tusiguse maji na tusile kitu cha mtu, na huko tulikaa tukitazama. Jamani, tulitazama! Boti ya rubani ilitoka mbio kuilaki meli nje, na tulishika roho tukimwona rubani, yule wa kuiongoza meli kuingia bandarini, akidandia ngazi ya kamba huku mawimbi yakimrukia miguuni. Boti ya polisi ilipita huku na huko, askari wake wakiwa wamenyooka kama wako gwaride la chuo cha polisi Kiganjo. Meli ya kijivu ya wanamaji ilipita kimya bila kumsalimu mtu, nasi tukaipigia saluti. Ilikuwepo pia ile kuukuu ya serikali iliyozoa mchanga chini ya maji ili meli kubwa zisiguse. Hiyo Ndung'u aliidharau sana, akasema hata yeye anaweza kuchimba mchanga.

Lakini tagi ndizo zilikuwa zetu. Meli kubwa kama mtaa ilipoingia, zenyewe zilijibandika ubavuni mwake, moshi ukafuka, maji yakachemka nyuma, na lile dubwana likaanza kugeuka taratibu. Tulibishana ni ipi ya baba. Tuliporudi nyumbani tulicheza bandari uwanjani Ruring'u. Ndung'u, kwa sababu ya kitambi chake, alikuwa meli, na sisi wengine tagi wa kumsukuma kwa vichwa. Shida yake ni kwamba akishaanza kwenda alikataa kusimama, na mara mbili tulimwegesha kwenye ua wa michongoma wa jirani.

Sasa, kulikuwa na jambo. Cucu, mama yake baba, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alikuwa na msemo wake kwamba maji ni ya kunywa na ya kunyunyizia mboga, na anayeyatafutia kazi nyingine ana lake. Kwetu, mtoto akianza jambo kubwa mzazi humtemea mate kidogo viganjani na kumwombea. Vijana wa leo mkisikia mnatafuta dawa ya kuua viini, lakini sisi tulijua uzito wake. Cucu aliwatemea wanawe wote, yule wa kahawa, yule wa ualimu, hata yule aliyeenda kuuza mitumba Karatina. Baba, kitinda mimba wake, ndiye peke yake aliyeondoka na viganja vikavu. Hakulisema sana, lakini mama aliniambia kwamba lilimuuma kila siku.

Mwaka mmoja mwenye karakana kule Kiganjo alikubali kumwajiri baba atengeneze matrekta. Cucu akatangaza kanisani kwamba anaenda mwenyewe kumchukua kijana wake, akapanda gari la moshi nasi. Mimi moyo wangu ulikuwa vipande viwili. Nilimtaka baba nyumbani kila jioni kama watoto wengine. Na bahari niliitaka pia.

Tulimkuta baba amepika. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Maitu, kesho kaa na watoto pale chini uone kazi yangu kwanza. Halafu vile utasema, nitafanya."

Basi kesho yake tukakaa na cucu kwenye mawe yetu, yeye akiwa na sweta yake nzito ambayo alikataa katakata kuivua, ati hajui hali ya hewa ya watu itageuka saa ngapi. Jua lilikuwa kali ajabu. Ikaingia meli ndefu iliyobeba makontena, na safari hii baba alikuwa ametuambia tagi yake ni ile yenye mkanda mwekundu. Tukamwonyesha cucu. Tagi ikaweka pua yake ubavuni mwa meli, ikakaza, moshi mweusi ukapanda. Meli haikusogea.

Cucu akasimama. "Imekwama!"

Lazima mwelewe. Ruring'u yetu ya wakati ule, mvua ikinyesha, lori la kabichi likikwama kwenye matope hakuna aliyepita kando. Ulisukuma ukiwa na nguo za harusi. Mchungaji alisukuma, mwalimu mkuu alisukuma. Kumwona mwenzako akisukuma nawe ukasimama ukitazama ilikuwa aibu ambayo ingekufuata mpaka uzeeni. Na hapo kivukoni umati mzima ulikuwa umesimama, wengine wakinywa madafu, mwana wa cucu akihangaika peke yake na mzigo mkubwa kuliko soko la Nyeri.

"Nyinyi watu ya hapa mko aje?" cucu akawafokea. "Gari ya wenyewe imekwama na nyinyi mnaangalia tu? Ati mnakunywa maji ya nazi!" Akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akaingia majini mpaka magotini, sweta na yote. Ndung'u akamfuata, maana alizoea kutii. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Watu wakaangua kicheko. Muuza madafu, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, akamfuata akiwa ameshika suruali yake isilowe. "Bi mkubwa, hiyo haikukwama. Inageuzwa ikaegeshwe."

"Kwani dereva yake hawezi kugeuza?"

"Hawezi. Meli kama hiyo haina breki, bi mkubwa. Wa kuishika ni hao wa tagi."

"Haina breki?" Cucu alishtuka kweli. Yeye ni mtu wa miteremko. Aliwahi kuona malori yakikosa breki, na alijua kwamba pale kwetu utingo anayeruka chini na kuweka kigingi nyuma ya gurudumu ndiye anayelaza watu salama. "Kwa hivyo huyo kijana yangu ndio breki?"

"Ndiye breki. Bila wao, hiyo ingekuja mpaka jikoni kwako."

Cucu alibaki pale majini, mkono juu ya macho, akiitazama tagi ya mkanda mwekundu. Meli ikaanza kugeuka, polepole. Ndipo akaanza kupaza sauti kwa Kikuyu, "Shikilia, Mwangi! Shikilia hapo hapo!" Baba alikuwa mbali, ndani kabisa na injini yake, hakusikia lolote. Hata hivyo cucu hakunyamaza mpaka meli ikageuka yote, na wale waliomcheka wakawa wanapiga kelele naye.

Jioni baba alirudi, akaoga, akakaa kwenye kigoda bila kugusa chai. Alikuwa anangoja hukumu. Cucu alikunywa yake yote kwanza.

"Kiganjo iko na mafundi," akasema. "Leta mikono."

Baba akanyoosha mikono, mikubwa, yenye grisi isiyotoka kwa sabuni. Cucu akaitemea mate, akaikunja kwa mikono yake miwili, akamwambia awashikie watu vitu vyao vizuri na Mungu amshike yeye. Baba akageuza uso ukutani. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nami nililia, kwa furaha yake, na kwa sababu nilielewa kwamba harudi nyumbani.

Siku hizi baba amestaafu, yuko Ruring'u na mbuzi wake. Majuzi mwanangu alimwonyesha kwenye simu nukta ndogo zinazotembea juu ya ramani. "Guka, hizi ni meli zote ziko Mombasa saa hii. Na hii kadogo ni tagi." Baba akavaa miwani, akaitazama ile nukta kwa adabu. Kijana akapiga mwayo, akafungua mchezo wa mpira.

Sikatai, wanajua mengi kutuzidi. Lakini juzi mwalimu alimuuliza huyo mwanangu kwamba mama yake, yaani mimi, anafanya kazi gani, naye akajibu, "Anaandikaandika kwa laptop, halafu anakasirika." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa kuwa hajadanganya. Sisi tuliiona kazi ya baba yetu kwa macho. Ilikuwa kubwa kuliko kanisa letu, na tuliiona ikimtii. Ningependa wanangu waione yangu hivyo, hata mara moja tu. Sijui niwaambie wakae wapi waitazame.