Wakili wa Reli na Baridi ya Guildford

Maktaba ya mtaa wetu wa Guildford ilinukia zulia kuukuu na makoti ya sufu yaliyolowa mvua. Likizo ile ya majira ya baridi nilikuwa na miaka kumi, mgeni katika Sydney, na Mama, aliyefanya kazi kwenye kituo cha kutunzia wazee, aliniacha pale kila asubuhi. Watoto wengine walicheza mezani pamoja. Mimi nikifungua mdomo waliyacheka matamshi yangu, nikazoea kunyamaza. Ndipo nikakuta rafuni kitabu kinene kuhusu maisha ya wakili mmoja wa Marekani, zama za treni za mvuke.

Alikuwa mtoto wa mkulima. Katika kesi yake ya kwanza alimtetea jirani ambaye ng'ombe wake waligongwa na treni, akaishinda kampuni ya reli. Kampuni haikumchukia, ilimwajiri. Akaitetea mahakamani miaka mingi, akatajirika, mpaka siku aliposhinda kesi dhidi ya wakulima wa kwao, jirani yule akiwemo. Alipotoka nje hakuna aliyempa mkono. Alitembea peke yake hadi stesheni. Nilipofika hapo nililia, maana niliujua mwendo ule.

Jioni nilimsimulia Mama akisonga ugali.

"Na yule jirani wa ng'ombe," aliuliza, "safari hii nani alimtetea?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Basi aliyekiandika alikuwa rafiki wa wakili."

Niliudhika. Niliona ameninyang'anya rafiki pekee niliyekuwa naye. Sikumsimulia tena; kitabu nikakimaliza peke yangu.

Leo mimi pia ni wakili wa makampuni, katikati ya jiji. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa, mama mmoja kutoka kwetu Bukavu alinishika mkono. Mumewe ameumia mgongo kwenye ghala karibu na bandari ya Port Botany. "Maître," alisema, kama kwetu wanavyomwita wakili, "utusaidie." Alipotaja mwajiri niliitambua kampuni: ni mteja wa ofisi yetu. Nikamweleza kwamba sheria hainiruhusu, nikampa jina la wakili mwingine. Alinishukuru kwa upole, akarudi kwa wenzake, na sauti zao zikashuka. Mama alikuwa akigawa chakula. Alinijazia sahani, akamgeukia aliyefuata. Zamani nilikaa peke yangu kwa sababu hakuna aliyenijua. Siku hiyo ukumbi mzima ulinijua kwa jina, kila aliyepita akanisalimu kwa heshima, na kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu mpaka nilipomaliza kula.