Bridging ya maths Machakos: jinsi imaginary numbers zilivyotolewa nje ya kanisa

Wakuu, habari za leo. Wale wa niaje, niaje pia.

Hii story nimeisimulia mara nyingi na kila mara naambiwa nimeongeza chumvi. Leo nimeketi niiandike vile ilikuwa. Kama kuna mtu alikuwa kwa hiyo class, akuje anikosoe hapa mbele ya watu.

Mimi ni wa Kalama. Form four nilipata C plain ya maths. Si mbaya, si nzuri. Ile gredi ukisema kwa nyumba mtu anajibu "haya" halafu anaendelea kula.

Nilikuwa nataka diploma ya umeme. College ikaniambia sawa, nafasi iko, lakini kwanza nifanye bridging, yale masomo ya kuziba pengo, kwa likizo, halafu nikalie mtihani wao wa maths. Ukianguka, nafasi inaenda kwa mwingine.

Shida ni kwamba mamangu alikuwa ashatangaza. Kalama nzima ilikuwa inajua mimi ndiye mtu wa stima. Kuna jirani alikuwa ameniwekea redio mbovu nikuje kutengeneza. Kwa hivyo kuanguka haikuwa option.

Bridging yetu ilifanywa na Mwalimu Wafula, kijana wa Bungoma, mpole, anaandika ubaoni mpaka chaki inaisha kwa vidole. Alikuwa ameomba hall ya kanisa moja hapa Machakos. Ile hall ilikuwa inaezekwa upya, basi tukapewa kanisa lenyewe. Sisi wote tulikuwa watu wa C. Tuliketi kwa viti vya plastiki mbele ya madhabahu, ubao umeegemea mimbari.

Mambo yalienda vizuri mpaka siku ya x squared plus one equals zero.

Mwalimu akageuka, akasema kwa sauti ya furaha, "Sasa leo nataka niwafundishe namba ambazo hazipo. Lakini tutajifanya zipo, na mtaona vile zitatusaidia."

Wakuu, kulikuwa na mama anapanga maua ya harusi ya Jumamosi hapo nyuma. Nilimwona akiweka maua chini pole pole. Akatoka.

Kesho yake tukapata wazee wa kanisa wameketi kwa viti vyetu, na yule mama wa maua amesimama nyuma yao.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Musyoka, mtu mrefu wa koti la kahawia, anaongea kama mtu anayepima kila neno kwa mizani. Akamuuliza mwalimu kwa Kikamba, ni kweli anafundisha watoto vitu ambavyo havipo, ndani ya nyumba ya Mungu?

Mwalimu hakuelewa hata neno moja. Akaangalia class. Class ikaniangalia mimi kwa sababu niliketi mbele.

"Mwambie ni imaginary numbers," mwalimu akaniambia.

Hebu mnisaidie. Nyinyi mngetafsiri aje, wazee wamewakazia macho? Kikamba changu kilinitoka chote. Nikasema, "Ni namba sya uvungu."

Uvungu ni uongo.

"Aiya!" mama wa maua akasema.

Mwalimu alipoona nyuso zimebadilika akajaribu kusaidia. Akaniambia, "Waambie zina root." Nikawaambia ziko na mizizi. Hiyo ikaharibu zaidi. Sasa ilikuwa uongo ulio na mizizi.

Wazee wakaenda kando, wakanong'ona kwa muda mrefu. Mimi niliogopa, kwa sababu mwalimu hakuwa na mahali pengine pa kutupeleka, na mtihani wa college ulikuwa karibu. Hapo ndipo nilianza kufikiria vile nitamrudishia jirani redio yake.

Mzee Musyoka akarudi na uamuzi, sasa kwa Kiswahili. "Hatuwafukuzi. Kwa kitabu chenu kuna namba za kweli?"

"Ziko. Real numbers," mwalimu akasema.

"Hizo zitasomewa ndani. Hizi zingine mtasomea nje ya mlango. Na mimi mwenyewe nitaketi hapo katikati."

Watu wangu, alileta kiti. Akaketi mlangoni.

Sasa mjue kitu kimoja. Complex number iko na pande mbili, upande wa real na upande wa imaginary. Huwezi kuisoma nusu. Mwalimu Wafula alisimama hapo akikuna kichwa, halafu akatugawanya. Kikundi cha Mutheu, msichana wa Syokimau aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake mjini, kikabaki ndani na real. Sisi wengine tukabeba viti tukaenda nje na imaginary, zile zinaandikwa na herufi i. Mwalimu akasimama kwa kizingiti, bega moja ndani, lingine nje.

Kujumlisha kulikuwa rahisi. Mutheu anaita kutoka ndani, "Sita!" Mimi naita kutoka nje, "Tisa i!" Mwalimu anaandika. Watu waliokuwa wanapita barabarani walifikiria ni maombi ya vijana.

Kasheshe ilikuja kwa kuzidisha.

Kwa sababu i mara i ni minus one. Na minus one ni namba ya kweli. Ina haki ya kuingia kanisani.

Mwalimu akamweleza Mzee Musyoka kwa Kiswahili cha taratibu, akimchorea kwa mchanga. Mzee akafikiria sana. "Kwa hivyo hawa wawili wa uongo wakizidishana, anatoka mmoja wa kweli?"

"Ndiyo, mzee. Lakini ni negative."

"Basi aingie kinyumenyume."

Na ndivyo tulivyofanya, wakuu. Sijaongeza kitu. Kila mtu alishika karatasi yenye namba yake. Wa ndani akizidishwa na wa nje, anatoka nje. Wa nje wawili wakizidishana, mmoja anaingia ndani akitembea kinyumenyume, na mzee anamshika bega asijikwae kwa ngazi.

Baada ya siku chache mzee hakuhitaji mwalimu. Unamsikia, "Wewe! Hiyo ni i ngapi? Tatu? Mbili zimeokoka, moja imebaki. Rudi nje na minus yako!"

Halafu baridi ikaingia. Mnaoijua Machakos ya July na August mnajua. Ule ukungu unashuka kutoka milimani, na manyunyu ambayo hayaloweshi lakini yanaingia kwa mifupa. Tuliketi nje tukitetemeka, kalamu hazishikiki. Mimi niliandika i ikatoka kama j.

Mzee Musyoka alituona. Akasimama, akasogeza kiti chake kando ya mlango.

"Ingieni."

Mwalimu akashtuka. "Na zile namba, mzee?"

"Namba ni za uongo," akasema. "Baridi ni ya kweli. Ingieni."

Tulipoingia ndipo tuligundua shida. Mutheu hakuwa amewahi kufanya imaginary hata moja, na mimi real nilikuwa nimesahau kabisa. Tuliketi pamoja tukafundishana. Ananiambia yake, namwambia yangu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiomba nimweleze maths.

Hapo pasta akatokea. Akaona ubao umejaa i kutoka juu mpaka chini, mbele ya madhabahu. Akamgeukia mzee, akauliza kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Mzee, si tulikubaliana hizi zibaki nje?"

Mzee Musyoka akavua kofia. "Pasta, hizi nimezichunga mimi mwenyewe. Zikikutana zinakuwa za kweli. Tutafukuza aje kitu ambacho kiko njiani kuokoka?"

Pasta aliangalia ubao. Akamwangalia mzee. Akasema, "Ubao ufutwe kabla ya Jumapili," akaenda zake.

Siku ya mtihani niliketi karibu na dirisha. Swali la nne lilikuwa kuzidisha complex numbers. Miguu yangu ikaanza yenyewe chini ya meza. Nje. Ndani. Nje. Halafu nikajikuta nasukuma kiti nyuma.

Madam aliyekuwa anasimamia akanijia mbio. "Kijana, ni choo?"

"Hapana, madam. Nazidisha."

Nilipita. Si kwa kishindo, lakini nilipita. Mutheu alinishinda, na hajaacha kunikumbusha. Sasa niko mwaka wa pili wa umeme, na hizo namba za uongo ndizo tunatumia kila siku kupiga hesabu za stima.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi watu wa C wengi hatukuwa wajinga. Hesabu tulionyeshwa tu kwa ubao, hakuna mtu aliwahi kutuacha tutembee ndani yake. Ukipata mwalimu ambaye hakasiriki, na mzee ambaye anakubali kubadilisha mawazo, shika hao watu.

Haya, waliopitia bridging, leteni za kwenu. Nyinyi wa A plain someni tu mnyamaze, zamu yenu ilikuwa form four.