Jumatano za Kusomana Majina Taveta

Katika rejista ya wagonjwa wa kifua kikuu niliyoiacha Taveta, kuna mwanamke ambaye, kwa mwandiko wangu mwenyewe, amehamishiwa Tanzania akiendelea vizuri na dawa. Siku niliyokabidhi funguo na kustaafu, mwanamke huyo alikuwa na majuma matatu kaburini. Hakuna aliyeghushi kitu. Nilijaza fomu jinsi ilivyotakiwa, siku iliyotakiwa, nayo ikapokelewa. Ninaandika kwa ajili ya wauguzi vijana wanaopangiwa kazi mipakani, wajue kazi hii ilivyofanywa kabla yao, na wajue mahali nilipoikosea.

Nilianza kazi Voi, siku ya Jumatatu, nikiwa na viatu vyeupe vipya vilivyonibana vidole. Sista Mkuu wa kliniki alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani kuja kufungua duka Voi. Alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

“Mwanangu, hivyo ni vya kazi au vya harusi?”

“Vya kazi, Sista.”

“Basi kesho njoo na vya kutembelea. Mgonjwa wa kifua hakai kitandani akakungoja. Ni wewe utakayemwandama.”

Sikumwelewa mpaka nilipoijua dawa yenyewe. Tiba ya kifua kikuu huchukua miezi sita kwa uchache. Tatizo ni kwamba baada ya miezi miwili mgonjwa hupata nafuu. Kikohozi hupungua, nguo zinaanza kumkaa mwilini, naye hujiona mzima na kurudi shambani. Huyo tulimwita “aliyepotea”. Ugonjwa ukimrudia, huja na nguvu, na pengine dawa za kwanza hazimsaidii tena. Kwa hiyo nusu ya kazi yetu ilikuwa kutoa dawa, na nusu nyingine kutafuta watu.

Mgonjwa wangu wa kwanza nilimwandika jina, umri na mahali anapotoka, nikampelekea Sista Mkuu rejista nikijivunia mwandiko wangu.

“Umeandika Kasigau,” alisema. “Kasigau ni mlima mzima. Akipotea utamtafuta chini ya jiwe gani?”

“Nimuulize nini basi, Sista?”

“Muulize majirani wamwita nani. Muulize maji achota wapi, na siku ya soko yuaenda soko gani. Hilo jina la kwenye kitambulisho ni la serikali. Jirani halijui.”

Tangu siku hiyo, pembeni ya kila jina niliandika kwa penseli vitu vitatu: jina la majirani, maji, soko. Rejista haikuwa na nafasi yake. Niliipata kwa kuandika herufi ndogo.

Baadaye nilipelekwa Makwasinyi, upande wa pili wa mlima huo huo wa Kasigau. Msimamizi wa zahanati alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, mpole, aliyelima mbaazi nyuma ya nyumba na kuongea kwa nadra. Makohozi ya wagonjwa, yale yanayokoholewa asubuhi kabla ya kula, tuliyafunga kwenye vikopo na kuyatuma Voi yakapimwe. Tembo wakisimama barabarani, gari halipiti, na vikopo vinaharibika kwa joto. Tulianza upya bila kunung'unika. Msimamizi alinifundisha jambo moja tu, lakini alilirudia kila mwezi. Nilikuwa nimerudi kutoka nyumba ya mgonjwa, nikamwambia mama amekunywa dawa mbele yangu.

“Na waliolala naye chumba kimoja?” aliniuliza.

“Kuna mtoto mmoja. Alikuwa shuleni.”

“Basi hujarudi, Sista Wakesho. Bado uko njiani.”

Nilizunguka tena mlima mchana huo. Wanaoishi na mgonjwa lazima wapimwe, hasa watoto, maana kifua cha mtoto hakipigi kelele mapema. Akianza kukonda, pengine mmeshachelewa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikuwa Taveta. Asiyeijua Taveta hudhani mpaka ni mwisho wa nchi. Kwa wagonjwa wangu mpaka ulikuwa katikati ya shamba. Mtu analala Mahoo, ana ndizi zake Mahoo, lakini mahindi kayapanda kwa wakwe upande wa Holili, Tanzania. Watoto wanasoma huku, nyanya yao anaugulia kule. Mvua ikinyesha, nusu ya rejista yangu inavuka mpaka.

Ndipo nikamjua Elibariki, muuguzi wa kifua kikuu wa upande wa pili. Alikuja Taveta siku ya soko, Jumatano, kutafuta mgonjwa wake, akanikuta mimi ninamtafuta wangu, sote wawili tumesimama mbele ya mama mmoja anayeuza maharage na chapati. Ikawa ndiyo ofisi yetu. Kila Jumatano mchana yeye huja na daftari lake la shule, lenye jalada la bluu, nami na langu. Tuliita kazi hiyo kusomana.

Nilisoma: “Mzee wa fundi baiskeli, maji ya mfereji wa juu.”

“Nimempokea. Anakunywa mbele ya mkewe.”

“Mama Jofrei, wa kisima cha kanisa.”

“Sijamwona.”

“Haya, mtafute wewe. Mimi huku ameshanitoroka mara mbili.”

“Dada Wakesho, jamani, nyinyi Wakenya mkiomba kitu ni kama mnamkamata mtu. Sema, ‘Kaka, naomba unisaidie.’”

“Kaka, naomba unisaidie kabla sijakukamata.”

Alicheka hadi chai ikamwagika. Ijumaa yake yote alimtafuta Mama Jofrei, na Jumatano iliyofuata akasema ile kauli niliyoipenda kuliko zote: “Nimempokea.” Hapo ndipo nilipoandika kwenye rejista “amehamishwa”. Kabla ya hapo, sikuandika. Mgonjwa alibaki wangu mpaka mwenzangu aseme yuko mkononi mwake.

Hata pakiti za dawa tulipeana tupu. Zetu na zao hazikufanana rangi, na mgonjwa akipewa rangi ngeni huogopa, anasema hii si dawa yangu. Kwa hiyo tulimfundisha kila anayevuka: usitupe pakiti, ibebe, mwonyeshe muuguzi wa kule, atajua uko mwezi gani.

Kisha nchi zetu zikakubaliana kushirikiana rasmi katika afya ya mipakani. Mimi nilishangilia, na sitaki msomaji adhani ninaubeza ushirikiano huo. Tulipata kipimo cha makohozi kinachotoa majibu siku hiyo hiyo, tukapata kompyuta na pikipiki. Watu walipona kwa vitu hivyo. Kulikuwa na mkutano hotelini Voi, bendera mbili mezani, wakubwa kutoka miji mikuu yote miwili. Elibariki hakuja. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa bado kinasubiri sahihi.

Mratibu wa mradi alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, anayeamkia. Alikuja Taveta siku ya Jumatano, akanifuata mpaka kwenye maharage na chapati. Alisimama akasikiliza tukisomana. Aliponirudisha kliniki alifunga mlango.

“Sista, shikamoo tena. Nakuheshimu kama mama yangu. Lakini ugonjwa wa mtu unasomwa sokoni, mbele ya muuza chapati?”

“Tunataja jina la majirani tu.”

“Ndilo jina ambalo majirani wanalijua, Sista.”

Alikuwa na haki, na mpaka leo nasema alikuwa na haki. Siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Tulitia sahihi karatasi ya kutunza siri, mimi huku na Elibariki kule, kwamba habari za mgonjwa zitapita kwenye mfumo wa kompyuta peke yake. Kusomana kukakoma, na utaratibu mpya ukawa hivi: najaza fomu kwenye kompyuta, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, fomu inapanda hadi makao makuu yetu, inavuka hadi makao makuu yao, inashuka hadi kliniki ya kule. Na siku ninayoituma ndiyo siku ninayoandika “amehamishwa”.

“Na wakimkosa?” niliuliza.

“Mfumo utatuambia.”

Anzelina alikuja kwangu miezi michache kabla sijastaafu. Alikuwa mvunaji wa ndizi Mahoo, mjane, ana mtoto wa kike wa miaka minane. Majirani walimwita Mama Neema, kwa jina la huyo mtoto, na hakuna aliyelijua jingine. Alikunywa dawa miezi miwili bila kukosa hata siku moja. Alianza kunenepa. Alinitania kwamba sketi yake ya kanisani imeanza kugoma kufunga.

“Neema hajaja kupimwa,” nilimwambia.

“Ako na mtihani, Sista. Jumamosi nitamleta, haki.”

Kabla ya Jumamosi mama mkwe wake aliugua upande wa Holili, naye akaja mbio kuaga, mtoto amemwacha kwa jirani anafunga mizigo, wavuke wote wawili. Nilimpa dawa za wiki mbili na fomu ikatumwa. Niliandika “Anzelina” na jina la baba yake, kama kitambulisho kilivyosema. Nilitafuta mahali pa kuandika Mama Neema, na kisima, na soko. Fomu ilikataa herufi za ziada. Nikaandika kwenye rejista “amehamishwa”.

Namba ya Elibariki ilikuwa kwenye simu yangu. Ingechukua dakika moja. Nilikuwa nimetia sahihi ile karatasi, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu na faili safi. Niliiweka simu mfukoni. Nikajiambia mfumo utatuambia.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa na keki. Mratibu alinisifu kwamba rejista yangu haikuwa na hata mgonjwa mmoja aliyepotea mwaka ule. Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Nilirudi nyumbani Voi. Mwezi wa pili wa kustaafu nilienda Taveta kununua ndizi, siku ya Jumatano, na miguu ikanipeleka yenyewe kwa mama wa chapati. Elibariki alikuwa ameketi pale, hana daftari. Alisimama kunisalimu, halafu hakuketi.

“Dada yangu, kuna mama tulimzika Holili. Nilifika siku ya matanga tu. Kwenye dirisha niliona pakiti za dawa zimepangwa, tupu. Rangi yenu.”

“Anaitwa nani?”

“Mama Neema.”

Nilimwambia ni Anzelina, mgonjwa wangu.

“Alizipeleka kliniki,” alisema. “Mimi sikuwa zamu. Kijana aliyekuwepo akatafuta jina kwenye kompyuta, hakuna, akamwambia arudi Kenya aombe fomu itumwe tena. Mama hakuwa na nguvu ya safari, akarudi nyumbani kulala. Fomu yako ilifika baadaye, dada. Ikasema tumtafute Anzelina. Balozi wa nyumba kumi, anayemjua kila mkazi, akasema huku hatuna Anzelina.”

“Ningekupigia simu.”

“Ungenipigia,” alisema. Hakulisema kwa ukali. Kisha akaongeza, “Na mimi ningekuja kukuuliza mbona Jumatano zimekwisha. Nilitia sahihi kama wewe.”

Nilimuuliza habari za mtoto. Alisema baada ya matanga shangazi yake wa mbali, anayeuza vitunguu Miasenyi, alimchukua wakavuka kurudi Kenya.

Kesho yake nilikuwa Miasenyi. Shangazi nilimpata kando ya barabara kuu, malori yanapita, nyavu za vitunguu zimening'inia. Nilijitambulisha.

“Neema tulimrudisha kwa nyanya yake Holili shule zilipofungwa,” alisema. “Huku hana kitanda.”

“Alikuwa anakohoa?”

“Sista, tazama hili vumbi. Mtoto gani hapa hakohoi?”

“Amekonda?”

Aliacha kufunga wavu. “Nilidhani ni huzuni ya mamake,” alisema.

Nilimpigia simu Elibariki nikiwa pale pale barabarani, mbele ya shangazi, bila kufikiria karatasi yoyote. Jioni aliniambia nyanya amefariki pia, nyumba imefungwa kwa kufuli, na majirani wanasema mtoto alichukuliwa na ndugu wa baba. Wengine wanasema wa Moshi. Wengine wanasema yupo kwa shangazi, Kenya.

Nimemwandikia Mratibu. Alinijibu kwa heshima, kwamba Neema hayumo kwenye mfumo wa nchi yoyote kwa sababu hajawahi kupimwa, na asiyepimwa hana fomu. Aliahidi kulipeleka suala hilo kwenye mkutano ujao. Naamini atalipeleka.

Kuhusu kazi yenyewe, vijana wangu, sina mafundisho mengi. Kipimo kipya ni bora kuliko vikopo vyetu, na soko halikuwa mahali pa siri. Lakini msiandike kwamba mtu amefika kabla hamjasikia sauti ya aliyempokea. Mimi nilianza kufundishwa hilo siku ya viatu vyeupe, nikaliacha mwishoni kwa kujihurumia.

Sasa kila Jumatano napanda gari alfajiri kwenda Taveta. Elibariki bado yuko kazini, nami si mtumishi wa mtu, kwa hiyo sijui kama tunachofanya kinaruhusiwa. Tunaketi mbali kidogo na watu, na chai tunaagiza kama zamani. Daftari langu lina jina moja.

Jumatano iliyopita nilimsomea kwa sauti ya chini: “Neema, miaka minane. Soko, Taveta na Holili. Maji, sijui.”

Elibariki aliangalia kikombe chake.

“Sijamwona,” alisema.