Maji ya Kumwoshea Marehemu

Jumanne nilikuwa katika ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa hapa Rumonge. Mbele yangu mama mmoja aliweka ndoo juu ya meza ya karani. Maji yalikuwa ya kijivu na yalinuka mazuti, kama mafuta ya lori. Aliyachota kwenye kijito kinachopita chini ya ile mashine mpya, inayotoboa ardhi kutafuta mvuke wa moto ili Burundi yetu huru ipate umeme.

"Mama yangu amefariki asubuhi," alisema. "Nimuoshe na hii? Gari yenu inaleteaka wachimbaji maji safi. Munipe pipa moja tu."

Karani alisukuma ndoo kwa ncha ya kalamu. "Pole sana, mama. Lakini rapoti ya wapimaji inasema maji ya kijito iko safi. Nikikupa ingine, nitakuwa nimesema iko chafu."

"Mwanangu, wewe hauna pua?"

"Pua si rapoti, mama."

Mwaka jana tulimwosha mke wangu kwa maji ya kijito hichohicho, yakiwa meupe, namshukuru Mungu. Umeme ninautaka kama wengine, lakini nilitoka pale nimechoka kabisa na watu wa rapoti.

Sisi majirani wa yule mama tulimbebea maji ya ziwa kwa baiskeli, maziko yakachelewa hadi alasiri. Karani naye alikuja kusali, maana ni jirani yetu. Alikunja mikono ya shati, akainamia ndoo ya udhu, kisha akasita.

"Hii maji imetoka wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ziwani," nilimjibu.

"Alhamdulillahi," akasema, akaanza kunawa.